Megapikseli 48 au kamera ya mwaka 2012?

SWALI: Mhariri, ninafundisha shule ya msingi hapa Tanga na ninatafuta kamera ndogo ya mfukoni kwa ajili ya mahafali, michezo ya shule na harusi za ndugu, kwa kuwa picha za simu yangu huharibika ukumbi unapokuwa na giza. Nina shilingi 600,000. Duka moja limenionesha kamera mpya ya kampuni nisiyoijua, iliyoandikwa megapikseli 48. Fundi mmoja naye ananiuzia Sony RX100 ya kwanza, anayosema ameikarabati. Nichukue ipi? – Mwalimu, Tanga

JIBU: Mwalimu, ningechukua RX100, mradi ifaulu majaribio ninayoyaeleza hapa chini, hiyo nyingine ningeiacha dukani hata kwa nusu ya bei.

RX100 ilitoka mwaka 2012 ikiwa na megapikseli 20 tu, yaani nukta milioni 20 zinazounda picha, lakini kihisi chake, yaani kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, kina upana wa milimita 13.2 na kimo cha milimita 8.8, ilhali kamera nyingi ndogo za bei nafuu zina kihisi cha takriban milimita 6.2 kwa 4.6. Ukipiga hesabu, eneo lake ni kama mara nne, na hilo, pamoja na lenzi inayofunguka hadi f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu la mwanga huwa kubwa), ndilo litakalokuokoa ukumbini. Kamera nyingi zisizo na jina hufikia megapikseli 48 kwa programu inayotanua picha ndogo, na zumu yao hukata kipande cha picha na kukikuza, kama fotokopi iliyokuzwa. Kwa mpira wa miguu, hata hivyo, itakubidi usimame karibu na mstari, maana zumu ya RX100 ni mara 3.6 tu.

Neno “kukarabatiwa” lisikutulize mapema. Mwulize fundi ni kitu gani hasa alichobadilisha, na akuandikie dhamana ya miezi kadhaa. Akikataa, basi hiyo ni kamera iliyotumika tu, na bei ishuke. Iwashe na kuizima mara kumi huku ukisikiliza lenzi inapotoka na kurudi, kwani mchanga ukiingia hapo hukwaruza na mwishowe lenzi hukwama. Kisha mulika lenzi kwa tochi ya simu: nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu, ugonjwa wa kawaida katika unyevu wa pwani yetu, na kamera ya namna hiyo mrudishie mwenyewe bila kujadiliana bei. Piga picha ya ukuta mweupe kwa f/11, yaani tundu likiwa dogo, uone kama kuna madoa ya vumbi. Fungua pia menyu, kwa sababu kamera za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani mara nyingi huwa na Kijapani pekee, na hakuna mpangilio wa kawaida wa kubadilisha lugha hiyo.

Betri iliyochoka si sababu ya kuikataa, ila dai punguzo. Aina yake, NP-BX1, ilitumika pia katika matoleo mengi ya RX100 yaliyofuata, kwa hiyo hupatikana. Ukishainunua, usiifungie kwenye mkoba wa ngozi kabatini. Itunze katika kopo lenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya kufyonza unyevu vinavyokuja na viatu vipya.