Kadi nyekundu kwenye ekstra taimu: sheria imekaa kombo, ila kocha unaweza kujipanga

Mie nafundisha timu ya vijana huku Kisauni, Mombasa, na kuna bishano moja haliishi pale maskani kila tonamenti ikifika hatua ya mtoano. Mtu akila kadi nyekundu kwenye ekstra taimu, zile dakika 30 za nyongeza, ile adhabu ni ya haki? Msimamo wangu ni huu na siubadilishi: sheria yenyewe ni moja dakika zote 120, lakini uzito wake haufanani hata kidogo, na mwenye kufaidika ni yule anayefanya makosa mwisho mwisho.

Hebu piga hesabu. Ukitolewa dakika ya 20 na mechi ikaenda mpaka 120, wenzako watateseka wakiwa kumi dakika mia nzima kwenye jua hili letu la Pwani. Ukitolewa dakika ya 119 wanateseka dakika moja. Halafu mkifika penalti za kuamua mshindi ndio kabisa, kwa sababu sheria inasema timu yenye watu wengi lazima ipunguze mpaka walingane, kwa hivyo nyinyi mko kumi na wao pia wanabaki kumi, na wao bila shaka watamtoa yule asiyejua kupiga. Hapo umeadhibiwa nini? Utakosa mechi inayofuata, basi. Na mechi inayofuata ipo kwa sababu ya lile kosa lako.

Kila Mwafrika anajua naongelea nini. Tarehe 2 Julai 2010, robo fainali ya Kombe la Dunia, Soccer City, Johannesburg, Ghana na Uruguay 1-1, ekstra taimu inaisha, mpira unaingia na Luis Suárez wa Uruguay anautoa kwenye mstari kwa mikono. Refa alifanya kila kitu sawasawa, nyekundu na penalti, sheria haimruhusu zaidi ya hapo. Asamoah Gyan wa Ghana akapiga, ukagonga mtambaa panya, Suárez akaonekana pale karibu na handaki la kuingilia uwanjani anashangilia. Uruguay wakashinda penalti 4-2. Nusu fainali Suárez hakucheza na Uholanzi wakawafunga 3-2, lakini hilo liliwasaidia nini Ghana? Mpaka leo inaniuma. Kwenye raga refa ana uwezo wa kuwapa trai ya penalti (trai ndio bao la raga) kama aliona trai ingefungwa lau si rafu, na mie naona mpira wetu ungefanya hivyo hivyo: mkono wa makusudi kwenye mstari, mpira ulikuwa unaingia, hesabu goli, mwisho wa maneno.

Sasa kuna wenzangu wanataka kadi za njano zifutwe dakika 90 zikiisha, ati ekstra taimu ni mechi mpya. Hapo mie sikubaliani. Tangu 2020 sheria inasema njano za mechi haziendi kwenye penalti, na hiyo iko sawa kwa sababu kwenye penalti hakuna kukabana. Lakini ekstra taimu ni mpira ule ule na miguu ile ile, tena imechoka, beki amechelewa hatua moja kila mara, ukimpa njano mpya hapo si atamkata kila winga anayempita? Fainali ya 2010 John Heitinga wa Uholanzi alikuwa na njano yake ya muda wa kawaida, dakika ya 109 akamzuia Iniesta, njano ya pili, nje, na dakika ya 116 Iniesta huyo huyo akafunga. Watu walilalamika, mie niliona ni haki kabisa.

Kwa hivyo kwa kuwa sheria ndio hiyo na haibadiliki kesho, wewe kocha wa mtaani fanya kazi yako. Kitu cha kwanza kabisa, kabla hata ya maji, ile mapumziko fupi ya baada ya dakika 90 uliza nani ana njano. Usitegemee kichwa chako, muweke kijana mmoja benchi aandike kadi kwenye daftari tangu mwanzo. Nilikuwa na beki wa kushoto, kijana mzuri sana, alikula njano kipindi cha kwanza kwa kuupiga mpira mbali baada ya filimbi, njano ya kipuuzi. Dakika 90 zilipoisha alikuwa amelala chali miguu juu ya ndoo ya barafu, msuli wa paja umekaza, mwenzake anamnyoosha vidole vya mguu, na bado ananiambia "kocha niache nimalize, mie niko fiti." Nikamwambia "mwanangu una njano na huyo winga wao ndio kwanza ameingia." Alikasirika, akavua jezi akaitupa. Akaingia kijana mdogo wa sekondari ambaye nusu ya mashabiki hawamjui, na haikupita muda winga akampita na yeye akamvuta jezi, refa akatoa njano. Ya kwanza! Angekuwa yule mwingine tungebaki kumi na ekstra taimu ndio kwanza imeanza. Tukamaliza kumi na moja.

Ili ufanye hivyo lazima uwe na sabu iliyobaki, yaani nafasi ya kubadilisha mchezaji, na hapa makocha wengi wanamaliza sabu zao zote dakika ya 80. Mkutano wa kabla ya mechi uliza waandaaji: sabu ni ngapi, na kuna ya ziada ekstra taimu? Mashindano makubwa yanaruhusu moja zaidi, lakini tonamenti za mtaani kila mmoja na sheria yake, na usipouliza utaambiwa "hukuuliza".

Jingine ni midomo. Mtu amechoka, kiu, jua, mashabiki wanapiga kelele nyuma ya kibendera, neno dogo tu linamtoa. Zidane dakika ya 110, fainali ya Kombe la Dunia 2006 Berlin, kichwa kifuani kwa Materazzi wa Italia, na Italia wakachukua kombe kwa penalti 5-3 mpigaji mkubwa wa Ufaransa akiwa chumba cha kubadilishia nguo. Drogba wa Chelsea, fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya Moscow 2008, alimzaba Vidić wa Manchester United kofi zimebaki dakika chache, Chelsea wakaenda penalti bila yeye, ya tano akapiga Terry, akateleza, akakosa. Mie nikiona kijana ameanza kusogeza paji la uso kwa mwenzake namtoa papo hapo, awe nyota awe nani.

Na orodha ya penalti usiandike watu watano, andika wote kumi na moja, halafu wa mwisho kwenye orodha ndio wa kumtoa kama wapinzani wenu wamelishwa nyekundu. Refa atataka jina na namba yake, na ukianza kubishana na wachezaji wakati huo unawaharibia akili wale wa kupiga. Mwambie huyo wa mwisho mapema, tena faraghani, asije akasikia mbele ya uwanja mzima.

Ikiwatokea nyinyi yale ya Ghana, mkono kwenye mstari na penalti ya mwisho, kutakuwa na vurugu kabla ya kupiga, wachezaji wao watamzunguka refa na kumsemesha mpigaji wenu. Mpira aushike mtu mwingine kabisa, kapteni kwa mfano, mpigaji akae mbali asiongee na yeyote mpaka eneo liwe wazi. Na akikosa usimfute kwenye orodha. Gyan dakika chache baadaye alirudi akapiga penalti ya kwanza ya Ghana, na akafunga.