Baiskeli ya Watu Wawili: Je, Nguvu Maradufu Huleta Kasi Maradufu?

SWALI: Mimi na rafiki yangu tunalingana kwa nguvu na kwa uzito, na kila mmoja wetu huenda kilomita 30 hivi kwa saa kwenye barabara tambarare akiwa peke yake. Tukipanda pamoja baiskeli ya watu wawili, kasi yetu itaongezeka kwa kiasi gani? Na kwa nini husemwa kwamba baiskeli hizo hushindwa na milima?

JIBU: Kwenye tambarare mtafikia kilomita 34 hivi kwa saa. Hilo ni ongezeko la takriban asilimia 14, na lote hutokana na namna baiskeli hiyo inavyopasua upepo.

Mwendeshaji wa kilo 75 aliyepanda baiskeli ya kilo 10 huhitaji wati 160 hivi ili aende kilomita 30 kwa saa, na zaidi ya robo tatu ya nguvu hiyo humezwa na ukinzani wa hewa. Katika baiskeli ya watu wawili, aliyekaa nyuma hujificha mgongoni mwa mwenzake, kwa hiyo hewa inayowapinga haiwi maradufu. Katika hesabu hii nimechukulia kwamba huzidi ile ya mtu mmoja kwa asilimia 30, ingawa kiwango halisi hutegemea mkao wenu. Nguvu zimekuwa wati 320, hewa imeongezeka kidogo tu, na hapo ndipo faida inapopatikana. Hata hivyo, ukinzani wa matairi huongezeka karibu maradufu kwa sababu ya uzito, na hewa yenyewe haina huruma: kasi ikiongezeka maradufu, nguvu ya kuishinda hupanda mara nane. Ili mfike kilomita 60 kwa saa mngehitaji zaidi ya wati 1,400.

Huenda ukauliza kama si afadhali kila mtu abaki na baiskeli yake, mfuatane kwa karibu na kupokezana zamu ya kuongoza. Njia hiyo ina faida, kwani anayefuata nyuma huepuka takriban theluthi moja ya ukinzani wa hewa, lakini mtaishia kwenye kilomita 32 hivi kwa saa. Bado baiskeli ya pamoja inawazidi. Jambo linalowashangaza wengi zaidi ni kwamba mwenzako halazimiki kuwa na nguvu kama zako: akiwa na uzito huo huo na kuchangia wati 71 tu, ambazo ni chini ya nusu ya zako, mtakwenda sawasawa na vile ungekwenda peke yako, na kila wati inayozidi hapo ni faida.

Kuhusu milima, lawama hutupiwa uzito, nami naona unaonewa. Kwenye mwinuko wa asilimia 6, hesabu yangu inampa mtu mmoja kilomita 10.3 kwa saa na ninyi wawili kilomita 10.5, kwa kuwa nguvu na uzito vimeongezeka kwa pamoja. Kinachowachelewesha watu ni uratibu. Minyororo ya baiskeli nyingi za aina hii hufunga pedali za mbele na za nyuma zizunguke pamoja, hivyo hakuna anayeweza kuchagua mdundo wake. Mmoja akitaka kusimama juu ya pedali bila kumtaarifu mwenzake, baiskeli huyumba na nguvu hupotea. Isitoshe, ni nadra watu wawili kuchoka au kupata nafuu kwa wakati mmoja. Waliozoeana hubadilisha gia mapema, kabla mwinuko haujawabana, na hupeana ishara kabla ya kusimama. Ikiwa mwenzako ni dhaifu kuliko wewe, basi mlimani hakuna upepo wa kuwaokoa: utapanda polepole kuliko ungekuwa peke yako, na hakuna ufundi wa kuliondoa hilo.

Mteremkoni mambo hugeuka, na hapa naomba mwe waangalifu. Kwenye mteremko huo huo wa asilimia 6, bila kukanyaga pedali, mtu mmoja hufikia kilomita 52 hivi kwa saa, nanyi mtafikia karibu 65. Nishati ambayo breki zinapaswa kuimeza ili kuisimamisha baiskeli hupanda kutoka kilojuli 9 hadi 27, yaani mara tatu, wala si mara mbili kama uzito unavyoweza kukudanganya. Urefu wa baiskeli hiyo huifanya isipinduke kirahisi kuelekea mbele, lakini haupunguzi joto hata kidogo. Breki za kubana rimu zikishikiliwa muda mrefu huweza kuipasha rimu moto kiasi cha kupasua tyubu. Kwa hiyo, kwa barabara za milima chagueni breki za diski kubwa, au baiskeli yenye breki ya tatu ya kupunguza mwendo katika mteremko mrefu, na mzikague kabla ya kila safari ya aina hiyo.