Baridi ya Nje na Baridi ya Ndani

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako niliuona jana baada ya Isha, nikausoma mara mbili. Umeniambia ufadhili umepita, unatakiwa uchague mji mmoja kati ya Harbin, Beijing, Wuhan na Guangzhou, na simu yako inakuonyesha kwamba Januari Harbin hukaa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri wakati Wuhan ni nyuzi 4 juu yake. Ukaniuliza: "Baba, si bora Wuhan? Harbin nitaganda." Hongera sana, mama. Nilifurahi mpaka mama yako akaja kuuliza kuna nini. Lakini kwa Wuhan sikubaliani nawe, na baridi ya Wuhan naijua, nimelala nayo miaka mitano.

Nilifika pale Septemba 1992 na joto kama la nyumbani. Ilipofika Januari nikajua nipo wapi. Bweni lilikuwa la saruji, madirisha ya kioo kimoja, hakuna chochote cha kupasha chumba joto, kwa hiyo nyuzi 4 za nje ndizo zilizokuwa ndani. Darasani tuliandika tumevaa glavu tulizozikata ncha za vidole. Jinzi ukiifua Jumamosi, Jumamosi ya pili ukiishika kiunoni bado mbichi. Wenzetu wa udaktari walitupa chupa tupu za dripu, zile za kioo zenye kizibo cha mpira. Tulizijaza maji ya moto, tukazifunga kwenye soksi na kulala nazo miguuni. Saa nane za usiku chupa imepoa, na wewe macho yako wazi.

Umesoma Njombe, unaijua alfajiri ya Juni kwenye foleni ya maji. Chukua alfajiri ile, liondoe lile jua la saa nne lililokuwa likija kuwaokoa, ongeza manyunyu, halafu uiache ikae miezi miwili, mchana na usiku, chumbani na darasani. Hiyo ndiyo nyuzi 4 ya Wuhan.

Simu haikukwambia kwamba China ina mpaka wa joto la nyumbani. Miaka ya 1950 serikali yao iliamua kupasha joto nyumba za kaskazini, na mpaka ukafuata milima ya Qinling na mto Huai. Juu ya mstari huo kuna mitambo inayochemsha maji na kuyasukuma kwa mabomba hadi kwenye vyumba vya watu. Beijing mabomba yanawaka kuanzia Novemba 15 mpaka Machi 15, na Harbin ni karibu miezi sita. Chini ya mstari kila mtu na blanketi lake. Wuhan iko chini ya mstari, na Shanghai vilevile.

Likizo ya Mwaka Mpya wa Kichina wa 1994 nilipanda treni kwenda Harbin kumtembelea rafiki yangu wa Unguja aliyekuwa akisoma huko. Nje sikufichi, ni kitu kingine. Ukivuta pumzi vinywele vya puani vinashikana, na kope zinafanya barafu nyeupe. Mto Songhua umeganda mpaka wanakata matofali ya barafu na kujengea majumba ya maonyesho. Barabarani wanauza aiskrimu zimepangwa kwenye katoni wazi, friji ya nini? Lakini tulipofika bwenini kwake tukasukuma pazia zito la pamba lililoning'inia mlangoni, nikamwona mwenzake wa chumba amekaa na fulana na kaptura, anakunywa chai. Nilifua fulana yangu, nikaitandaza juu ya bomba, asubuhi kavu. Usiku ule nililala bila soksi kwa mara ya kwanza tangu Novemba.

Baridi ya Harbin inakukuta njiani, dakika kumi au ishirini, nawe umejifunga. Ya Wuhan inakufuata kitandani.

Kwa nini Wuhan iwe hivyo, wakati iko karibu mstari mmoja na Cairo, ambako Januari ni nyuzi 14 hivi? Babu yako aliyekuwa akienda Pemba kwa jahazi angekuelewesha haraka. Ni ile kanuni ya pepo za kaskazi na kusi. Bara kubwa la Asia hupoa upesi kuliko bahari, basi wakati wa baridi hewa nzito ya Siberia inateremka kuelekea baharini. Njia ya mashariki ni tambarare, hakuna ukuta wa kuizuia, inafika Wuhan na makali yake. Chongqing, iliyojificha nyuma ya milima ya Qinling, haipati baridi kali namna hiyo ingawa mawingu yake hayaishi. Kiangazi chao, Juni mpaka Agosti, upepo unageuka, unatoka baharini na unyevu, na mvua nyingi ya nchi ile inanyesha miezi hiyo.

Na kiangazi cha Wuhan ni mtihani wa pili. Wachina walikuwa wakiita Wuhan, Nanjing na Chongqing matanuri matatu. Juni inaanza mvua ya plamu, imeitwa hivyo kwa kuwa inanyesha matunda hayo yakiiva, na kwa Kichina jina lake linatamkwa sawasawa na neno la ukungu wa kuozesha. Ukiona viatu vyako kabatini utakubali. Mvua ikiisha joto linapita nyuzi 35, na usiku halishuki. Wakati wetu watu walibeba vitanda vyao vya mianzi wakalala barabarani, mtaa mzima, bibi na wajukuu. Harbin Julai ni nyuzi 23.

Beijing ni nzuri, kavu mno tu. Mvua yao kwa mwaka haifiki milimita 700 na zaidi ya nusu yake ni Julai na Agosti. Januari ngozi inapasuka, pua inatoa damu, kitasa cha mlango kinakupiga shoti. Machi mpaka Mei, wakati wa masika yetu, kwao huja vumbi la jangwa la Gobi. Chukua mafuta ya nazi ya kutosha.

Wanaokwambia China haina baridi ni wafanyabiashara wa Kariakoo waliofika Guangzhou tu. Huko Januari ni nyuzi 14, na miezi ya joto utadhani uko Tanga kabla ya masika, pamoja na vimbunga vya kati ya Julai na Septemba. Machi kuta na sakafu zinatoka jasho, unapiga deki na maji yanarudi. Kunming haimo kwenye orodha yako. Ingekuwemo ningekwambia nenda na usiulize, maana iko karibu mita 1,900 juu ya bahari na hali yake ni kama Lushoto.

Kwa hiyo kwangu Harbin ni ya kwanza, Beijing ya pili. Ugumu wa Harbin ni kiza. Desemba Magharibi inaingia saa 9:50 mchana, na moyo unaweza kuinama. Panga vipindi vyako utoke nje saa sita upate jua. Koti usinunue mtumbani, yale si ya huko. Nunua ukishafika, na viatu vyenye meno ya kushika barafu.

Kama roho yako bado inavutwa na Wuhan, siku hizi mabweni mengi yana viyoyozi vinavyotoa joto pia. Waandikie kabla hujasaini, uwaulize chumba chako kina nini, na umeme analipa nani. Wakikujibu nitumie jibu lao tulisome pamoja.

Baba yako