Uliza Ujibiwe: Ngazija mawe meusi, Unguja mawe meupe, kulikoni?

SWALI: Asalaam aleikum mhariri na wenzio. Juzi nilienda harusini Ngazija, kile kisiwa kikubwa cha Komoro, kwa shangazi yangu, nimerudi na maswali. Kule mawe ni meusi tii mpaka pwani, sie huku ukichimba kisima unakutana na jiwe jeupe la chokaa. Alafu mvua inapiga kweli kweli lakini mto sijauona hata mmoja, shangazi anakinga maji ya mvua kwenye birika la saruji nyuma ya nyumba. Kijana wangu yuko kidato cha tatu, yeye anasema visiwa vile vimetokana na moto wa chini kama Hawaii, mwalimu wake anasema hapana, ni mambo ya bonde la ufa. Nani mkweli? Na huku kwetu volkano inaweza kutokea? – Msomaji, Ng'ambo, Unguja

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yetu. Yaani umeenda kwenye harusi ya Wangazija, ngoma na dhahabu zote zile, wewe ukawa unakagua mawe! Haya.

Tuanze na kwenu maana ndo rahisi. Unguja haijawahi kuwa volkano. Jiwe lako la kisimani ni matumbawe na makombe ya zamani yaliyogandamana mpaka yakawa chokaa, na bahari kati yenu na Bagamoyo wala haina kina cha kutisha, zama za barafu maji ya dunia yaliposhuka kama mita 120 hapo palikuwa nchi kavu mtu angevuka kwa miguu, na chui wa Unguja nao inaaminika ndo walivyofika hivyo.

Ngazija ni habari nyingine kabisa. Bahari ya pale ina kina cha maelfu ya mita, na kisiwa chote kuanzia sakafuni ni lava juu ya lava juu ya lava mpaka kilele cha mlima wa volkano wa Karthala, mita 2361 juu ya bahari. Lava ile ikipoa inakuwa jiwe jeusi la basalti lenye nyufa na matundu, kwa hiyo mvua ikinyesha maji yanazama moja kwa moja chini, yanakwenda kutokea huko pwani yakiwa yameshachanganyika na chumvi. Mto utoke wapi? Visiwa jirani vya Nzwani na Mwali mito ipo kwa sababu ni visiwa vyenye umri mkubwa zaidi, mawe yameshaoza yakawa udongo wa mfinyanzi unaozuia maji.

Sasa ugomvi wa kijana na mwalimu. Kijana anasema kuna sehemu moja yenye moto mkali chini kabisa, bamba la dunia, yaani kipande kikubwa cha ganda la dunia, linapita juu yake polepole, kila likisogea linatobolewa kwingine na kisiwa kipya kinazaliwa. Ukiangalia ramani utaona ana hoja, maana kisiwa cha Maore (Mayotte) huku mashariki ni kizee, kimechakaa na kutitia mpaka matumbawe yamekizunguka kwa mbali na kuacha lagoni kubwa katikati, na kadiri unavyoenda magharibi visiwa vinazidi kuwa vichanga mpaka Ngazija ambayo bado inawaka. Vitabu vingi vilieleza hivyo na watu wakaridhika.

Lakini Mei 2018 Maore ikaanza kutikisika, matetemeko mengi mno, moja likakaribia ukubwa wa 6, watu wakalala nje. Kisiwa chenyewe kikasogea mashariki kama sentimita 20 na kutitia zaidi ya sentimita 10. Mwaka uliofuata wanasayansi wakaenda na meli kupima sakafu ya bahari, wakakuta mlima mpya wa mita 820 umesimama mahali ambapo zamani palikuwa tambarare, kilomita kama 50 mashariki ya Maore, kina cha mita 3500! Umeitwa Fani Maoré. Sasa hebu mwulize kijana, kama moto umeshahamia magharibi, huku kwa kizee umerudi kufanya nini?

Ndo hapo mwalimu anapopata nguvu. Afrika inachanika, bamba la Somalia linajitenga na Afrika nyingine kwa milimita chache kwa mwaka, na mchaniko huo, ndo bonde la ufa lenyewe, hauishii nchi kavu, unaingia baharini, na wengi sasa wanaona Komoro imekaa kwenye mpaka wa bamba la Somalia na bamba dogo la kusini yake linaloitwa Lwandle. Ukoko ukivutwa unapasuka, magma, yaani mawe yaliyoyeyuka huko chini, inapata njia, popote pale, mashariki au magharibi. Mie nampa mwalimu maksi zaidi ila kijana asinyimwe zote, wapo wataalamu wanaosema vyote viwili vinasaidiana, ufa unafungua mlango na joto la chini linasukuma.

Unguja kulipuka? Hapana, lala usingizi.

Wa kuangalia ni shangazi. Watu wanadhani Karthala ikilipuka ni kule juu kileleni tu, kumbe mlima una nyufa ndefu zinazoshuka kaskazini na kusini, na lava inaweza kuchomoka popote kwenye nyufa hizo. Aprili 1977 ilitokea chini kabisa ubavuni, ikateketeza sehemu kubwa ya kijiji cha Singani. Mwaka 2005 ikawa kinyume, lava haikumfuata mtu ila majivu, Aprili na tena Novemba, yakaanguka vijijini na kuingia kwenye mabirika yale yale ya maji ya kunywa, watu wakabaki na kiu huku birika limejaa. Kwa hiyo ukimpigia simu shangazi mwulize birika lake lina mfuniko, na kama mfereji wa bati unachomoka kirahisi, maana majivu yakianza inabidi uuchomoe kabla mvua haijayasukumia ndani.