Hilux ya dizeli inalala nje: nifunge swichi ya siri kwenye stata au GPS?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mama wa biashara, niko Newala. Nina Hilux ya dizeli ya mwaka 1995, injini 3L. Kuanzia mwezi wa tano inabeba salfa, msimu wa korosho ukianza inabeba magunia. Inalala nje kwa sababu geti letu ni jembamba. Jirani yangu ameibiwa gari usiku na tunahofia limeshavushwa Ruvuma. Fundi mmoja anataka kunifungia swichi ya siri kwenye stata. Mwingine anasema nifunge GPS inayozima gari kwa simu. Nimsikilize nani?

JIBU: Dada yangu, pole kwa hofu. Swichi ya stata peke yake haitoshi, na kwa mtu wa Newala ndiyo kabisa. Mji wenu umekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde, miteremko imewazunguka. Mwizi akishaachia hendibreki, gari litateremka lenyewe bila kelele. Atatia gia ya pili, ataachia klachi, na injini itawaka. Stata hakuigusa hata kidogo.

Injini yako haina plagi za cheche kama za petroli. Dizeli inawaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa, na pampu inaendeshwa na injini yenyewe. Ikishanguruma inategemea umeme mahali pamoja tu: valvu ya kukata mafuta, ile tunayoiita selonoidi. Fungua boneti, itazame pampu ya dizeli upande yanakotokea mabomba ya kwenda kwenye nozeli. Utakiona kidude cha chuma kama kizibo kirefu, kina waya mmoja kichwani umebanwa na nati ndogo. Ndani mna kipini na springi. Ukiwasha swichi, volti 12 zinakivuta kipini na dizeli inapita. Ukizima, springi inakirudisha na injini inakufa. Waya ule mmoja ndio roho ya gari lako, na ndio wa kuulinda kwanza.

Kwa hiyo mwambie fundi aukatie njiani, ndani ya kabati la dashibodi, si kule kwenye injini ambako kila mtu anaona. Pale auunganishe kupitia relei ya kawaida ya volti 12, yaani swichi inayofungwa na kufunguliwa na umeme mdogo. Umeme unaotoka kwenye swichi ya ufunguo uingie pini 30, utokee 87 kwenda kwenye valvu. Pini 86 ipate umeme wa swichi kupitia fyuzi ndogo, na 85 iende ethi, yaani kwenye bodi ya gari, kupitia swichi ya siri. Ukiifunga hivyo, swichi ya siri inabeba umeme kidogo sana, waya wake unakuwa mwembamba, na unaweza kuupeleka popote ndani ya gari.

Ninapenda kuanza na valvu kwa sababu nyingine pia. Stata ikiwa kimya kabisa, mwizi mzoefu anajua papo hapo kuna swichi imefichwa, anaanza kupapasa. Lakini stata ikizunguka vizuri na injini ikagoma, atadhani gari lina hewa kwenye mafuta au ni bovu. Atahangaika nayo mpaka betri ichoke, na kelele zile zitawaamsha watu. Ukipata fedha baadaye, ongeza ya pili kwenye ule waya mdogo wa kuamsha stata, kwa relei ya ampea 40, na swichi yake ikae mbali na ya kwanza. Ule waya mnene wa betri kwenda stata usiguswe. Mkondo wake ni mkubwa mno kwa swichi au relei hizi.

Mahali pa kuficha ndipo mafundi wengi wanapoharibu kazi. Wanachukua swichi mpya inayong'aa, wanaitoboa chini ya usukani. Hapo ndipo mkono wa mwizi unapofika mwanzo, halafu kwenye boksi la fyuzi. Hilux ya umri huo haikosi kitufe cha kiwandani ambacho hakifanyi kazi tena, cha feni au cha taa fulani. Kitumie hicho. Kimechakaa sawa na vingine, hakuna atakayekitilia shaka. Kiwe mahali unapofika bila kuinama, maana wapakiaji wa magunia wanakutazama ukiingia na kutoka mchana kutwa, na mtu anayeinama kila akipaki ameshasema siri yake. Dereva akiacha kazi, hamisha swichi wiki hiyohiyo, hata kama mmeachana kwa wema.

Udhaifu wa mpango huu nao nikuambie. Mwizi anayejua dizeli anaweza kutoa waya moja kwa moja kwenye betri akaugusisha kichwani mwa valvu. Mwingine anaifungua valvu yenyewe, anatoa kipini, anairudisha tupu, na mafuta yanapita bila umeme wowote. Dawa yake ni ya mchomeleaji: atengeneze kifuniko cha bati nene kinachokaa juu ya valvu na nati yake, kifungwe kwa bolti ambazo vichwa vyake vimesagwa mviringo zisishikwe na spana. Bati haliwezi kumzuia milele. Linamlazimisha akae na tochi boneti ikiwa wazi, na hicho ndicho asichokitaka.

Msisitize fundi pia kuhusu viungo vya waya. Niliwahi kuletewa hapa Mtwara pikapu ya samaki imefungwa kamba, imevutwa kutoka Mikindani. Walishabadilisha chujio, walishafungua nozeli, dizeli wamemwaga bure. Nilipoinua kapeti chini ya miguu ya dereva nikakuta waya wa swichi ya siri, umesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu. Tepu iliteleza kama gundi. Maji ya barafu yenye chumvi yalikuwa yameingia, shaba imegeuka unga wa kijani, na waya ukakatika vidoleni mwangu nilipougusa tu. Mwenye gari alipoteza siku mbili na samaki wote. Kwako chumvi ya bahari si nyingi, lakini salfa ikipata unyevu inakula shaba vibaya. Kila kiungo kitiwe lehemu, kivalishwe ule mpira unaobana ukipashwa moto, na relei ifungwe juu, pini zikitazama chini ili maji yasitulie.

Sasa GPS. Inafaa, kwa sababu inakuonyesha gari lilipo, lakini ile sehemu ya kuzima usiruhusu iunganishwe kwenye valvu ya mafuta. Iunganishwe kwenye waya mdogo wa stata tu, ili gari likishasimama lisiwake tena. Chukulia amri imetumwa kwa makosa, au relei yake imekufa, wakati dereva wako anateremka kuelekea Masasi na tani ya magunia. Injini ikizima, usukani unakuwa mzito. Na katika injini hizi pampu ya upepo wa kusaidia breki imefungwa nyuma ya altaneta, ile inayochaji betri ikizungushwa na injini, kwa hiyo nayo inasimama. Zinabaki kanyaga mbili tatu nyepesi, baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Hata mwizi akiwa ndani, barabarani kuna watoto wa watu.

Kwa sababu hiyohiyo swichi yako ya siri ni ya kuguswa gari likiwa limesimama tu. Na mtu akikuuzia swichi kubwa ya kukata betri, jua kwamba kuikata injini ikiwa inanguruma kunaweza kuunguza altaneta. Ni nzuri kwa gari lililolala, haizidi hapo.

Kabla ya yote hayo, badilisha silinda ya ufunguo. Za umri huo nyingi zimelika, zinazunguka hata kwa bisibisi. Ukilaza gari, pua itazame ukuta, gia iwe ya kurudi nyuma, na mnyororo wenye kufuli upite kwenye pedali ya klachi na mguu wa kiti. Huo uonekane dirishani.

Fundi akimaliza, usimlipe yote kabla hujajaribu mwenyewe. Gari likiwa limesimama, gia huru, hendibreki juu, washa injini na uiache ingurume taratibu bila kukanyaga mafuta. Bonyeza swichi ya siri: izime ndani ya sekunde moja au mbili. Piga stata, izunguke bila kushika moto. Kisha mtafute kijana alisukume kwenye mteremko mdogo, wewe ukiwa kwenye usukani, gia ya pili. Likiwaka, waya aliokata siyo, mrudishe kazini.