Tafuta parokia kwanza, jina la ukoo baadaye

Wiki hii mmeuliza: mtu ambaye bibi yake alizaliwa kijijini Uingereza aanzie wapi kuutafuta ukoo huo? Aanze na parokia. Majina kama Smith na Brown yamejaa kila kaunti, ila kibarua wa shamba wa karne ya 19 mara nyingi alibatizwa, akaoa na kuzikwa katika vijiji vichache vinavyopakana.

Kama bibi yu hai, aulizwe yeye kabla ya kompyuta. Kisha agiza cheti chake kamili cha kuzaliwa. Kile kifupi hakitaji wazazi. Cheti kamili kina jina la mama kabla ya kuolewa, na kwa jina hilo utaipata ndoa ya wazazi, ambayo cheti chake huwataja baba wa pande zote mbili na kazi zao. Panda hivyo hivyo, kizazi kwa kizazi, hadi 1 Julai 1837, usajili wa serikali ulipoanza. Angalia tu kwamba faharasa, yaani orodha ya waliosajiliwa iliyopangwa kwa robo za mwaka, hufuata wilaya ya usajili: mtoto wa Heacham, Norfolk, wa miaka hiyo utamkuta chini ya Docking. Wazazi walipewa siku 42 za kuandikisha, kwa hiyo mtoto wa Desemba huenda yumo katika robo ya kwanza ya mwaka unaofuata.

Kwa upande wa sensa, ya 1851 itafute kwa udi na uvumba, maana hutaja parokia aliyozaliwa kila mtu. Ile ya 1841 huuliza tu kama mtu kazaliwa kaunti hiyohiyo, na umri wa watu wazima ulishushwa kwa mafungu ya 5, hivyo mwenye miaka 39 kaandikwa 35. Ya 1931 iliungua, ya 1941 haikufanyika. Pengo hilo huzibwa na daftari la raia ambalo serikali iliandikisha Septemba 1939 vita vilipoanza, ingawa mistari ya watu wanaoweza kuwa hai bado imefunikwa.

Kabla ya 1837 unategemea madaftari ya kanisa, yaliyoamriwa mwaka 1538 na ambayo sasa mengi yamo katika ofisi za nyaraka za kaunti. Tangu 1813 ubatizo ulijazwa kwenye fomu iliyochapwa, yenye makazi na kazi ya baba. Nyuma ya hapo unaweza kuambulia mstari mmoja tu: William, mwana wa John na Mary. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mtoto akifa, aliyefuata mara nyingi alipewa jina lilelile. Ukimpata William wa 1790, usifurahi bado. Pitia mazishi ya parokia hiyo kwa miaka kadhaa inayofuata. Akiwemo mtoto mchanga William, wako huenda ni mdogo wake. Inasikitisha kuona ukoo mzima umefungwa kwenye kaburi la kichanga.

Mtego mwingine ni kalenda. Hadi 1751 mwaka ulianza 25 Machi. Ndoa ya Mei 1740 ikifuatwa na ubatizo wa Februari 1740, utadhani mtoto kawatangulia wazazi kanisani, kumbe hiyo Februari kwetu ni ya 1741 na miezi 9 imetimia.

Daftari likiwa limeliwa na unyevu, ulizia nakala zilizopelekwa kwa askofu kila mwaka. Makaburini usitegemee sana, kwani vibarua wengi hawakuwekewa jiwe.

Ukikwama kabisa, omba nyaraka za parokia kuhusu misaada iliyowapa maskini wake. Chini ya sheria ya 1662, mgeni aliyehofiwa kuwa mzigo aliweza kurudishwa parokia yake. Alihojiwa kwanza kwa kiapo mbele ya mahakimu: alizaliwa wapi, alimtumikia nani, kwa ujira gani. Hati ya kumrudisha mara nyingi humtaja mke na watoto, pamoja na umri wao. Zile zilizosalia zinampa kibarua asiyejua kusoma wasifu ambao hutaupata kwenye daftari lolote la ubatizo.