Ploti Tupu Zitozwe Zaidi?

SWALI: Mhariri, karibu na nyumba ninayopanga Manyatta, Kisumu, kuna ploti iliyozungushiwa mabati kwa miaka mingi. Ndani mna magugu na mbuzi tu, na langoni pameandikwa "Haiuzwi". Je, kaunti haiwezi kumtoza mwenyewe hadi ajenge?
Mpangaji, Kisumu

JIBU: Inaweza, ndugu msomaji, kwa kuwa Kifungu cha 209 cha Katiba ya 2010 kinaipa kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya mali. Kwa desturi, kodi hiyo nchini mwetu hukadiriwa kwa thamani ya ardhi bila majengo, hivyo mwenye magugu na jirani aliyejenga vyumba ishirini hulipa sawa iwapo ploti zao zinalingana thamani. Msingi huo ni wa haki, maana aliyejenga haadhibiwi kwa kujenga. Lakini kiwango kikiwa kidogo na daftari la uthamini, yaani orodha ya thamani za ploti, likiwa la zamani, anayesubiri bei ipande hasikii uchungu wowote wa kusubiri. Mji wa Pittsburgh, Marekani, ulitoza ardhi kwa kiwango cha juu kuliko majengo tangu 1913 hadi 2001.

Ninaunga mkono kiwango cha juu cha kodi ya ardhi, ila mjane aliyeachiwa ploti na hana fedha za kujenga asihesabiwe pamoja na mlanguzi anayesubiri bei ipande. Deni la kodi la mjane huyo lingoje hadi siku ploti itakapouzwa. Tena mahali pasipo barabara wala bomba la majitaka, kaunti ianze kutimiza wajibu wake kabla ya kumlaumu asiyejenga.